Mama Jikoni na Mfuniko Wake: Risala ya Wanafunzi wa Theolojia kwa Baba Askofu

Mgeni rasmi, Baba Askofu wetu mpendwa, Mkuu wa Chuo, wahadhiri wa Agano la Kale na wahadhiri wa Agano Jipya, ambao leo wamekubali kuketi benchi moja, wafanyakazi wote, ndugu zetu katika Bwana:

Sisi wanafunzi wa chuo hiki tunakusalimu kwa heshima zote na kukukaribisha nyumbani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi kwa kweli tulianza kupona tangu wiki mbili zilizopita. Ilipojulikana tu kwamba unakuja, bomba la bafuni lililokuwa likidondosha maji tangu tulipoingia mwaka wa kwanza likatengenezwa, nyasi zikakatwa, na taa ya korido ya maktaba ikawaka. Mwenzetu mmoja ambaye hakuwahi kuiona ikiwaka alidhani kuna mtu amekuja na tochi. Tunakuomba uje mara kwa mara.

Kabla hatujaendelea, tunaungama. Risala za wanafunzi hupitiwa na Mkuu wa Chuo kabla hazijasomwa. Hii aliipitia, akaridhika, akaweka sahihi. Ila aliyoipitia yeye ilikuwa na ukurasa mmoja. Kurasa nyingine zimeongezeka zenyewe, kama ile mikate na samaki. Tunamwomba baba yetu Mkuu wa Chuo asiinuke kwanza.

TULIKOTOKA

Historia ya chuo imeandikwa kwenye ubao ulio mlangoni, kwa anayependa tarehe. Sisi tutasimulia ile isiyoandikwa.

Mgeni rasmi, jiko letu na kanisa letu hili dogo vinatumia ukuta mmoja. Wengine wanasema ilikuwa hekima ya waasisi, wengine wanasema matofali yaliisha. Vyovyote iwavyo, katika ukuta huo, pale kushoto kwako, kuna kidirisha cha ukubwa wa sinia, kisicho na kioo wala pazia. Ng'ambo ya kidirisha kuna jiko la kuni, na mbele ya jiko hilo, kwa miaka kumi na tisa sasa, amesimama Mama Jikoni. Jina lake la kuzaliwa liko ofisini. Sisi tunamwita Mama Jikoni, na waliotutangulia walimwita hivyo hivyo. Ni mama mfupi, mwenye sauti ya chini na mkono mzito.

Kila siku saa sita na nusu, kabla ya chakula, mwanafunzi mmoja husimama hapa kufanya mazoezi ya kuhubiri. Kanuni inasema dakika ishirini. Lakini mwaka ule Mama Jikoni alipoajiriwa, alitokea mwanafunzi mmoja aliyetangaza kwamba atazungumzia safari ya wana wa Israeli jangwani, miaka yote arobaini. Dakika ya hamsini ilipofika alikuwa ndiyo kwanza yuko mwaka wa tatu. Mhadhiri wa mahubiri alikuwa amefumba macho, na haikuwa kwa ajili ya maombi. Wali ulikuwa umeanza kuwa uji. Mama Jikoni alivumilia, maana alikuwa mgeni kazini na hakutaka kuonekana hana adabu. Mwishowe akachukua mfuniko wa sufuria kubwa, akachukua na mwiko, akagonga mara tatu. Mhubiri akaruka, akasema Amina. Wana wa Israeli wakaachwa pale pale jangwani, na kwa habari tulizo nazo bado wako huko.

Jina la mwanafunzi yule halimo katika kumbukumbu zetu. Tunachojua ni kwamba aliendelea vizuri katika utumishi, akapanda, na siku hizi anavaa msalaba mkubwa kifuani.

(Hapa msomaji anyamaze kidogo. Mgeni rasmi akicheka, aendelee. Asipocheka, aruke hadi kwenye Mafanikio.)

Tunaendelea.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Mlio mmoja wa mfuniko maana yake rudi kwenye andiko lako. Miwili, hilo umeshalisema. Mitatu, Amina, chakula kinapoa. Hakuna mtu aliyewahi kuhubiri kupita mitatu. Yupo aliyejaribu, akabaki anahubiria viti.

Lakini kuna jambo jingine, nalo ni tamu zaidi. Mara moja moja, labda mara moja kwa mwaka, mtu huhubiri na mfuniko usisikike kabisa. Badala yake inakuja harufu ya kuungua kupitia kidirishani. Hapo tunajua Mama Jikoni amesahau sufuria kwa sababu anasikiliza. Siku hiyo chuo kizima kinakula maharage meusi na hakuna anayenung'unika, na mhubiri anapewa mkono mpaka jioni. Hapa kwetu hatusemi fulani amehubiri vizuri. Tunasema fulani ameunguza. Katika miaka kumi na tisa waliounguza wenye kuthibitishwa ni kumi na mmoja tu. Mhadhiri wa mahubiri anapinga utaratibu huu kwa maneno, lakini kuna mwenzetu aliyelinganisha alama zake na mfuniko, na hakuona tofauti.

MAFANIKIO NA MATUKIO YAJAYO

Mafanikio ni mengi, tutataja yanayotajika. Mdoli wetu wa mazoezi ya ubatizo amekwisha kubatizwa mara mia moja na sita, na wiki ijayo mwaka wa kwanza wataanza zamu yao beseni likishapatikana. Ndiye muumini pekee chuoni ambaye hatuna wasiwasi na msimamo wake. Mwenzetu mmoja alimdondosha katikati ya maneno ya kumwombea, akamwokota, akaendelea bila kubadili sauti, na mhadhiri akasema huyo ataweza usharika wowote.

Jumamosi ijayo wahadhiri wa Agano la Kale watacheza mpira na wahadhiri wa Agano Jipya. Mwaka jana Agano la Kale waliongoza kwa muda mrefu sana, kisha Agano Jipya wakafufuka kipindi cha pili. Mwamuzi alikuwa mhadhiri wa historia ya kanisa, ambaye mpaka leo hajatangaza mshindi kwa sababu anasema vyanzo vinapingana.

Mwisho wa mwezi ni mahafali. Wanaohitimu ni ishirini na wanane, na wote wameshapima majoho. Moja ni fupi mno, tumekubaliana livaliwe na aliyelipima.

CHANGAMOTO

Bweni la wanaume linaitwa Nuhu, na mvua ikinyesha tunaona lilistahili jina hilo. Nakala pekee ya kitabu cha maadili ya Kikristo imeibwa maktaba kwa mara ya pili. Hayo tumeyazoea. Changamoto iliyotukosesha raha ni ya jiko.

Wiki mbili zilizopita tulitangaziwa kwamba leo, baada ya ibada, Baba Askofu ataweka jiwe la msingi la jiko jipya, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Tulipigwa na butwaa. Ng'ambo ya uwanja! Kutoka huko mtu hawezi kusikia mfuniko hata ukigongwa na jeshi. Usiku ule wa mawazo tulijiuliza nani atatuambia tumeshasema hilo. Tukaunda kamati ya watu tisa, na mwenyekiti akawa mwenzetu wa mwaka wa tatu anayejulikana kama Tisini na Moja, kwa sababu ndizo alama alizopata katika somo la Meza ya Bwana, na ni vigumu kukaa naye dakika tano bila kuzisikia.

Kamati ikaandika waraka wa kupinga jiko jipya. Kurasa kumi na nne. Kichwa kilikuwa "Nafasi ya Mfuniko katika Malezi ya Mhubiri." Ukurasa wa nne ulikuwa na Kigiriki. Hitimisho lilisema kwamba jiko libaki lilipo, kuni ziendelee, na Mama Jikoni asiondolewe kwenye kidirisha chake kwa namna yoyote ile. Tukasoma, tukajipongeza. Kilichobaki kilikuwa sahihi ya Mama mwenyewe.

Alhamisi saa tisa alasiri sisi tisa tukaingia jikoni kwa mstari. Mama Jikoni alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele kwenye ungo. Alishangaa kuona watu wengi hivyo na hakuna aliyeshika sahani. Akafuta mikono kwenye aproni, akavaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Alipofika wa tatu akanyoosha mkono, akachukua mwiko, akagonga ukingo wa ungo mara moja.

Tisini na Moja akarudi kwenye andiko. Akasema kwa kifupi kwamba tunamwombea abaki hapa hapa.

Mama Jikoni akavua miwani, akauliza ni nani aliyetuambia kwamba anataka kubaki. Hakuuliza kwa hasira. Angekasirika, tungejua la kufanya, maana tumesoma somo la upatanisho. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu, na sisi tisa tukatazamana, kwa sababu katika kurasa zote kumi na nne hakuna aliyekumbuka kumuuliza.

Basi akaeleza huku akiendelea kuchambua mchele. Moshi umemharibia macho. Jioni akifika kwake mjukuu wake ndiye anayemsomea ujumbe wa simu. Lakini si moshi hasa. Moto wa kuni, alisema, ni kama mtoto mchanga, ukimwacha dakika moja umeharibu. Jiko jipya amesikia litakuwa la kuzungusha kitasa. Unapunguza moto, unafunika sufuria, unaondoka zako. Tisini na Moja akamuuliza anataka kuondoka aende wapi.

Mama akaelekeza mwiko kwenye kidirisha.

"Huko," alisema. "Miaka kumi na tisa naisikia ibada, wanangu. Sijawahi kuiona hata moja."

Tulidhani anatania, tukaanza kumpigia hesabu. Sala za asubuhi, anawasha moto. Mahubiri ya saa sita na nusu, yuko na mfuniko. Jumapili, anapikia watu mia mbili, na anapomaliza kusugua masufuria, kanisa la mtaani kwake limeshafungwa na mzee wa kanisa ameshaondoka na funguo. Hesabu ikagoma kila upande. Ndipo Tisini na Moja, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, akauliza kuhusu Jumapili ya kwanza ya mwezi, tunaposhiriki Meza ya Bwana.

Mama akasema Jumapili hiyo ndiyo huwahi zaidi, anafika alfajiri, kwa sababu mkate unahitaji muda wa kupoa. Sisi tukauliza mkate gani.

"Mkate wenu," alisema. "Mlidhani unashuka na umande?"

Baba Askofu, ni yeye anayeuoka. Anaukata, anauweka kwenye kitambaa cheupe, anaupitisha kwenye kidirisha hiki, kisha anageuka kutazama chai isifurike. Alituambia huwa anasogea karibu na ukuta watu wanapoalikwa mezani, anasikia miguu ikipita. Anatujua kwa miguu. Alituambia pia kwamba miezi ya mwanzo alikuwa akisubiri. Alifikiri labda mtu atamrudishia kipande kupitia kidirisha. Mwezi wa kwanza akasubiri, wa pili akasubiri. Kisha akajiambia lazima kuna utaratibu ambao yeye, kwa kuwa hakusoma, haujui, akaona haya kuwauliza wasomi.

Tuliona aibu, na bado tunaona. Tisini na Moja ndiye ametuomba tuandike hili. Ule mtihani wake uliomletea sifa ulikuwa na swali moja: ni nani amealikwa mezani? Alijibu kurasa kumi na mbili. Alijiandaa kwa mtihani huo wiki tatu akiwa amekaa jikoni kwa Mama, kwa sababu kulikuwa na joto, na Mama alimpa chai, akamwambia asogeze daftari lisishike moto. Alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Tangu Alhamisi ameomba tusimwite tena kwa zile alama.

Wahenga wana methali kuhusu nyani na asichokiona. Tunaiachia hapo, maana tuko kanisani.

MAOMBI

Kwanza, Baba Askofu, ule waraka wa kurasa kumi na nne tumeufuta. Kigiriki tumekirudisha maktaba. Tunakuomba uweke jiwe la msingi kwa mikono miwili, na jiko liwe la kitasa kweli kweli, lisije likabadilika njiani likawa la kuni lenye rangi mpya.

Pili, tunaomba kiti humu ndani kwa ajili ya Mama Jikoni saa sita na nusu kila siku, sufuria likiwa limefunikwa na moto umepunguzwa. Kiti kiwe mbele. Akitaka kuja na mfuniko wake, aje nao. Sisi wenyewe ndio tunaoomba, na tunajua tunachokiomba. Mpaka sasa alikuwa akitusikia tu, na sasa atakuwa anatuona. Wawili wetu wameshaanza kufupisha.

Tatu, tunaomba kila Jumapili ya kwanza ya mwezi wanafunzi wapike na yeye asiguse hata kijiko. Majaribio yameanza leo. Chakula utakachoandaliwa kimepikwa na mwaka wa pili, ambao wamesali sana. Waliokionja ni watatu, na wanaendelea vizuri. Tumeweka maji ya kunywa kila meza.

Nne, na hili ndilo lililotufanya tuongeze kurasa. Leo ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mama Jikoni yuko humu. Yupo benchi la tatu kutoka mbele, upande wa ukuta. Tulimdanganya kwamba mgeni rasmi anataka kumwona mpishi, Mungu atusamehe, akaja na aproni yake na kukaa ukingoni mwa benchi kama mtu anayesubiri basi. Tangu ameketi anatazama kidirisha kila baada ya muda. Mama, tunakuona. Ndiyo, kuna moshi kidogo. Mwaka wa pili wanaushughulikia. Tunakuomba ukae.

Mkate ulio mezani leo hakuuoka yeye. Tuliuoka sisi jana. Wa kwanza tulimpa mbwa wa mlinzi, akaunusa, akaenda kulala. Wa pili haukutoka kwenye chombo, na chombo bado kiko nao. Huu ni wa tatu. Upande mmoja ni mgumu, na upande wa pili hatuna neno lake. Lakini tulitaka angalau mara moja apokee mkate ambao hakuamka alfajiri kuutengeneza.

Baba Askofu, wewe uliketi kwenye mabenchi haya miaka mitatu, na mkate uliokula ulikuwa wa mkono wake. Hukumrudishia kipande. Nasi hatukumrudishia. Hatusemi hivi kwa kukulaumu, tunasema ili tuwe pamoja katika kosa hili, maana ni zito kulibeba sisi peke yetu. Muda si mrefu utauinua mkate na kuumega. Kwa desturi unaanza na Mkuu wa Chuo, kisha wahadhiri kwa cheo, kisha sisi. Leo tunakuomba ushuke ngazi hizi mbili, uwapite wahadhiri, utupite na sisi, uende benchi la tatu. Atakataa. Atasema ana sufuria motoni. Atasema waanze wenye masomo. Tunakuomba usigeuke. Simama hapo na mkate mkononi, hata kama ni muda mrefu, mpaka atakaponyoosha mkono.

Sisi tutasubiri. Hakuna mwenye haraka, na chakula chenyewe umeshakisikia.

Mungu akutunze katika njia zako zote, akupe afya, akupe mahubiri mafupi na waumini wavumilivu. Ambariki Mkuu wetu wa Chuo, ambaye hakuinuka. Abariki mikono iliyotulisha siku zote bila kuulizwa kama imeshiba.

Ni sisi wanao, tuliokula mkate wa Mama miaka yote hii bila kumkaribisha mezani,

Wanafunzi wa Chuo cha Theolojia, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu.